Pete ya Fundi na Gauni la Binamu

Fundi cherehani hakuwa na shida ya kuirudisha pete. Kilichomkera ni yale maneno ya kwenye karatasi ya mashtaka, kwamba yeye ndiye aliyevunja uchumba. Avunje yeye, aliyekwisha kushona mpaka suti ya bwana harusi? Na mtaa mzima ulishalimeza hilo. Basi akasema pete haitoki mpaka jina lake lisafishwe kwanza.

Mchumba wake wa zamani, yule waliyemwita Mipango, alifika mahakamani amenyooka kama rula, mama yake ubavuni, msichana mmoja nyuma yao. Fundi akamtambua msichana. Akalitambua na gauni. Msichana naye, alipomwona fundi, akaganda.

"Sheria ni hii," hakimu akasema, miwani imemshuka puani. "Mwanamke akivunja uchumba, pete inarudi. Akivunja mwanamume, pete ameiaga. Nani alivunja?"

"Yeye, mheshimiwa," Mipango akajibu. "Alibadilika tu. Nikakaa na majonzi yangu mwezi mzima, ndipo Mungu akanipa huyu. Harusi ni Jumamosi, tunangoja pete tu."

"Mwanangu alikonda," mama akadakia.

"Mama, hukuulizwa," hakimu akamkata. "Fundi, una la kusema?"

Fundi akafungua daftari lake la vipimo, limejaa vumbi la chaki. "Gauni alilovaa huyu msichana nimelishona mimi. Kifua, kiuno, urefu, vyote vimo humu, na tarehe: wiki tatu kabla sijaambiwa uchumba umekwisha. Bwana huyu alimleta mwenyewe. Akaninong'oneza kwamba ni binamu yake, atanisimamia harusini. Nikamwekea na lesi."

"Binamu?" akauliza hakimu.

"Binamu?" akauliza na msichana, sauti ndogo, kali kama sindano. "Mimi uliniambia fundi ni dada yako."

Mama mtu akaanza kutafuta kitu mkobani. Alikitafuta sana.

Ikaandikwa kwamba aliyevunja ni Mipango, na pete ni ya fundi. Pete yenyewe aliitupia kwenye kopo la vifungo. Nakala ya hukumu ndiyo aliyoibandika mlangoni, juu ya picha za mitindo.

Jumamosi, saa ile ile harusi ilipokuwa ifungwe, msichana akaingia na gauni mkononi. "Dada, nitolee hizi lesi, gauni niwe nalivaa kazini. Utanitoza ngapi?"

"Nikutoze?" Fundi akavuta mkasi. "Mimi dada yake, wewe binamu yake. Sisi si ndugu?"