Jina la Mwenye Akaunti

Nianze kwa kusema wazi kwamba jina la mzee sitaliandika humu. Mimi nimeolewa na mtoto wa mdogo wake, na sisi tulioolewa na Mabhele hatutaji majina ya baba wakwe zetu. Si mbele yao, si nyuma yao, si hata porini ukiwa peke yako na mzigo wako wa kuni. Hata maneno yanayofanana na majina hayo tunayakwepa. Tumezoea na wala haituumi. Nitamwita mzee Bhele, kwa ukoo wake, na inatosha.

Mzee Bhele alipatwa na kiharusi wakati wa mavuno. Upande mmoja ukafa, ulimi ukalala, akabaki kitandani. Aliyemhudumia ni Nosakhele, mke wa mwanawe. Jina hilo la Nosakhele alimpa mzee mwenyewe siku bibi harusi alipoletwa nyumbani, maana kwetu mke hupewa jina jipya na wakwe zake, lile la kwao likabaki kwenye kitambulisho. Alimwosha, akamlisha maziwa mgando kwa kijiko, akamgeuza asipate vidonda. Sijaona mtu anauguza vile bila kulalamika, na mimi nimeuguza.

Mumewe, Zamile, alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli ya mizigo, huko mbali, na mkataba wake ulikuwa bado haujaisha. Ila kabla ya kuondoka alifunga sahani ya setilaiti juu ya paa na kisanduku cha intaneti ndani. Akakiandikisha kwa jina la baba yake. Mtoto mwenye adabu kwetu hufanya hivyo: kitu cha nyumbani huandikwa kwa mwenye nyumba, hata kama aliyelipa ni mwingine. Nosakhele aliwekwa kuwa mtu wa pili kwenye akaunti, naye Zamile hakujiweka kabisa.

Basi kila Jumapili, tukitoka kanisani, meli nayo ikiwafungulia wafanyakazi wake mtandao, Nosakhele aliinua simu yake mbele ya mzee na Zamile akatokea na ovaroli lake lenye mafuta. Hawakuzungumza. Mtu asiyesema utampigia simu ya kawaida ya nini? Walitazamana tu. Zamile alicheka, akalia, akaonyesha injini yake. Mzee alikuwa hapepesi macho. Baada ya hapo alikula vizuri, akalala vizuri, akaanza kungoja Jumapili nyingine.

Kampuni ikafunga kisanduku.

Halikuwa suala la deni, Zamile alilipa mapema kila mara. Ilikuja meseji tu: wateja wote wamehamishiwa kwenye mfumo mpya, mwenye akaunti athibitishwe, asante kwa uvumilivu wako. Walitushukuru uvumilivu kabla ya kuuliza kama tunao!

Mtandao wa simu kwetu unashika mahali pamoja, dirishani chumbani kwa mzee. Unaweza kuongea hapo, lakini picha haiji ng'o, na simu ya kawaida haifiki melini. Nosakhele akasimama dirishani akapiga, mimi nikakaa kwenye mkeka nikichambua maharage. Mashine ikasema bonyeza moja. Akabonyeza. Ikasema bonyeza nne. Ukaja muziki, ukaja mwanamke wa kwenye kanda kusema simu yako ni muhimu kwetu, ukarudi muziki. Maharage yalikuwa yameshaisha kuchambuliwa alipopatikana binadamu.

"Unaongea na Kagiso, nikusaidie nini, mama?"

Nosakhele akaeleza. Kijana akasema hakuna shida, ni jambo la dakika moja.

"Nipe jina kamili la mwenye akaunti."

"Ni baba mkwe wangu."

"Sawa mama. Anaitwa nani?"

"Bhele."

"Hilo la ukoo, mama. Mabhele wako wengi. Nataka la kwenye kitambulisho."

"Namba ya kitambulisho ninayo hapa, nikusomee?"

"Namba inakuja baadaye. Jina kwanza."

Nosakhele akamtazama mzee. Mzee alikuwa macho, anamsikiliza.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi ni mke hapa. Nimesimama chumbani kwake."

"Nakuelewa, mama. Bibi yangu mwenyewe yuko hivyohivyo. Lakini simu hii inarekodiwa. Usipolitamka wewe kwa mdomo wako, mfumo haunipeleki ukurasa wa pili."

"Litaje wewe, mimi niseme ndiyo."

"Nikilitaja mimi, kazi sina."

"Basi nikutajie herufi moja moja."

"Herufi hawazitaki, mama. Wanataka jina."

Nikamnyang'anya simu. "We Kagiso! Hapa kuna mgonjwa, na huyo bibi yako angekuchapa!"

"Samahani, naongea na nani? Wewe humo kwenye akaunti." Ikakatika. Hasira niliyokuwa nayo ingechemsha yale maharage.

Jumapili ikafika. Nosakhele hakuinua simu, lakini mzee alizungusha jicho lake kutoka mlangoni hadi mkononi mwa Nosakhele, na kurudi. Tukamwambia, baba, mtandao ni mbovu, Zamile hajambo. Akatusikiliza, kisha akageuza uso ukutani. Mtu ana mtoto baharini, halafu mtoto haonekani, nyinyi mnamwambia mtandao! Nilijua pale pale anachowaza, na Nosakhele alijua.

Mume wangu, Luzuko, yeye ni Bhele wa damu, jina la baba yake mkubwa hakatazwi kulitaja. Akashuka mpaka barabara kuu kwenye mtandao, akapiga, akalitaja lote, akaongeza na sifa za ukoo vizazi vitatu. Msichana wa siku hiyo akamjibu kwamba hayumo kwenye akaunti. Akapiga tena, akajifanya ndiye mzee mwenyewe. Wakamwambia, sawa baba, tuletee picha ya uso wako pamoja na kitambulisho. Luzuko akampiga picha mzee pale kitandani, akapanda gari mpaka duka la kampuni mjini Mthatha, akapanga foleni tangu wanafungua. Msichana wa dukani akaiweka picha kwenye mashine.

"Inasema siye," akasema.

"Siye vipi? Ndiye, ameumwa tu, mdomo umepinda!"

"Mimi naona, baba. Mashine ndiyo haioni. Jaribuni kupiga simu."

Luzuko alirudi jioni, akavua viatu, akala kwanza, ndipo akatusimulia.

Jumapili ya pili ikapita. Mzee akaanza kukataa kijiko. Alifumba midomo, ule upande mzima, na maziwa yakamtiririka shingoni. Nosakhele aliyafuta kwa kitambaa na machozi yake yakiwa hayana wa kuyafuta. Tulikuwa jikoni nilipomwambia, "Dada, litaje. Mimi nitaziba masikio."

"Aliyenipa jina ni yeye," akasema. "Amenilea humu ndani miaka yote, hajawahi kuninyooshea kidole. Leo hawezi hata kusema nyamaza, ndiyo nimsimamie kichwani nimwite kama mbwa aliyetoroka?"

"Hamwiti. Unajibu swali."

"Atasikia kuitwa."

Ningekuwa mimi ningeona vivyo hivyo, na ndiyo maana sikumshikilia sana.

Jumapili ya tatu mzee hakuzungusha jicho tena. Tulitoka kanisani, tukaingia, tukamkuta anatazama dari. Nosakhele alisimama na kofia yake ya kanisa kichwani, akamtazama sana. Kisha akaenda dirishani, akapiga. Moja, nne, muziki. Alisimama wima muda wote ule, mkono umeshika chuma cha dirisha. Akapokea mwanamke, sikulikamata jina lake.

"Jina kamili la mwenye akaunti?"

Nosakhele akapiga magoti kwanza. Akavuta kitambaa cha mabegani usoni, akalitaja. La kwanza, la pili na la baba yake, kwa sauti, chumba kizima. Mimi sikuziba masikio, nilisahau.

Mzee akaitika.

"Naam."

Neno safi kabisa. Ulimi uliolala tangu mavuno ulisema naam, kama mtoto aliyeitwa na mama yake kutoka uani. Na kweli, nani mwingine alikuwa amemwita hivyo? Mama yake alishakufa, kaka zake walishakufa, marehemu mkewe alikuwa mke kama sisi. Vijana wote wanamwita baba, babu, Bhele. Sijui alikuwa amekaa miaka mingapi bila kulisikia.

"Asante, mama, imethibitishwa," simu ikasema. "Huduma itarejea ndani ya siku mbili. Kuna lingine nikusaidie?"

Nosakhele alikuwa bado chini, anasema nisamehe baba, nisamehe. Mzee alikuwa anapigapiga blanketi kwa ule mkono mzima. Mimi ndiye niliyeelewa, maana nilikuwa naona uso wake: alikuwa anataka tena.

"Anataka umwite," nikasema.

Akamwita. Akaitika. Akamwita tena, mara hii bila kuficha uso, na mzee akaitika na nusu ya mdomo ikacheka. Siku hiyo alikunywa maziwa yote.

Alifariki kesho yake asubuhi, uji wake ukiwa bado moto.

Kisanduku kiliwaka Jumanne. Tulikuwa tumeshatandika godoro la msiba chini, wanawake tumekaa ukutani na mashuka mabegani, na simu ya Nosakhele ikaanza kulia. Zamile alikuwa ameomba aruhusiwe mtandao wa meli siku isiyo yake. Alitokea akicheka, akisema jamani mlikuwa wapi, napiga nakosa, napiga nakosa. Kisha akaona godoro.

Akauliza, "Aliondoka akijua nilikuwa namtafuta?"

Ningekuwa mimi ningemdanganya. Nosakhele hakujua kudanganya. "Hapana," akasema. "Tulimwambia, hakuamini. Alidhani umekufa."

Zamile akaweka mkono machoni. Nosakhele akamweleza kila kitu: mfumo mpya, Kagiso, mashine iliyomkataa mzee, mpaka Jumapili ya tatu. Alipofika kwenye jina hakulirudia, lakini alilisema jambo lenyewe, kwamba alimtaja baba mtu mbele ya uso wake.

"Kosa ni langu," Zamile akasema. "Ningeandika jina langu, haya yote yasingekuwepo."

"Mimi ningelitaja siku ya kwanza, mngeonana."

"Usingeweza. Mimi ndiye niliyekuoa, nakujua."

"Alilipenda, Zamile," Nosakhele akasema. "Nilipomwita alifurahi. Wiki zote zile namnyima, sikujua kama angelipenda."