Meza ya Mwenyekiti

Kikao cha ukoo cha Jumapili kilipofikia ajenda ya Wakili, Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Waliomjua wakaelewa kwamba hukumu imeshaandikwa, kilichobaki ni kusomwa.

Huyu hakuwa mwenyekiti wa chama wala wa kampuni. Alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mtoto wa kwanza nyumbani kwao, na tangu baba yao afariki hakuna kikao kilichokaa bila yeye kushika kile kiti chenye mikono. Na Wakili naye hakuwa wakili. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wao, aliyebandikwa jina hilo angali ananyonya kwa kuwa baba yake mkubwa alishamwamulia maisha. Akasomeshwa sheria mpaka mwaka wa tatu, kisha siku moja akaviaga vitabu na kwenda kujifunza upishi.

"Sasa nasikia kaajiriwa baa," alisema Mwenyekiti. "Baa ya mvinyo! Damu ya ndugu yangu inawapikia walevi. Mlevi anajua nini kuhusu chakula? Mkaangie soli ya kiatu, atasema niongezee."

Watu wakaangua kicheko. Mke wake hakucheka. Tangu daktari atamke neno presha, mama huyu alikuwa anamlisha mumewe mboga za kuchemsha mchana na jioni, na sasa alimgusa goti kumkumbusha apunguze sauti.

Ikaamuliwa atumwe mtu akaone kwa macho yake. Kura hazikuhitajika. Nyuso zote zilimgeukia Bi Kimya, dada yake Mwenyekiti, aliyesimamia mitihani ya shule muda mrefu hata akapewa jina la neno alilolitamka kuliko yote. Mwanafunzi mwenye kikaratasi ndani ya soksi alikuwa anaanza kutoka jasho kabla mama huyu hajaikaribia safu yake.

"Nenda, dada yangu. Ukikuta ni pango, mtoe hata kwa sikio."

"Ni mtu mzima, ana ndevu."

"Na masikio anayo."

Bi Kimya alielekezwa njia na dada yake Wakili wakati wa kuosha vikombe. Mwenyekiti hakutaka hata kujua mahali penyewe. Baa ni baa, alisema.

Alhamisi, jua likiwa bado juu ya mapaa, Bi Kimya alijitanda mtandio mweusi, akavaa miwani ya jua, akaenda. Baa ilikuwa nyuma ya posta, katika nyumba iliyowahi kuwa kiwanda cha kuchapa. Mlangoni bado palikuwa na madoa ya wino sakafuni. Ndani, chupa zilipangwa ukutani mpaka darini kama vitabu vya mtu msomi. Meza zilikuwa za mbao nzito, hakuna kiti kilichofanana na mwenziwe, na muziki ulikuwa wa chini, wa kumruhusu mtu amsikie anayemsengenya.

"Karibu mama," alisema mhudumu, dada mmoja mwenye aproni nyeusi. "Ukae wapi?"

"Sikai. Nimekuja kuangalia tu."

"Basi angalia umekaa. Macho hayachoki, miguu ndiyo huchoka."

Akakaa nyuma ya nguzo. Akaagiza juisi ya zabibu, na akaapa moyoni kwamba hatatia kitu cha pale mdomoni zaidi ya hiyo. Ukaja mkate wa moto ambao hakuuagiza. Kuukataa kungekuwa ukosefu wa adabu. Mkate nao haukuweza kuliwa mkavu, kwa hiyo akaomba kijibakuli cha uyoga uliokaangwa kwa siagi, na uyoga ulipokwisha akaona haitakuwa haki kuhukumu jiko zima kwa sahani moja. Akaagiza samaki.

Katikati ya tonge na tonge aliwatafuta walevi. Aliona akina mama wawili waliotoka ofisini, viatu wamevivua chini ya meza, wakigawana kipande cha jibini. Aliona bwana na bibi wazee wakipokezana miwani moja kusoma orodha ya vyakula. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeanguka. Bi Kimya alianza kuvunjika moyo. Mtu hatumwi mbali hivyo arudi mikono mitupu.

Ndipo akasikia kikohozi.

Kilitoka upande wa dirishani, kikohozi kifupi cha vituo viwili, kile kinachofungua vikao. Bi Kimya alishusha miwani hadi ncha ya pua. Kwenye meza ya pembeni, leso nyeupe imechomekwa kwenye kola, mbele ya paja la kuku wa kuoka linalong'aa, alikuwa amekaa kaka yake.

"Mzee wetu yule," alinong'ona mhudumu, akidhani mama anavutiwa. "Haji siku nyingine ila Alhamisi. Hagusi mvinyo, maji tu. Yeye shida yake chakula. Akimaliza lazima atume salamu jikoni."

Alhamisi, kwa taarifa ya mke na ukoo mzima, Mwenyekiti huwa kwenye kamati ya wastaafu.

Bi Kimya aliinuka na sahani yake ya samaki, akavuta kiti mbele ya kaka yake. Mwenyekiti alifungua mdomo.

"Kimya," alisema dada yake. "Tafuna kwanza."

Akatafuna. Kumeza kulimchukua muda.

"Na mimi nimekuja kuchunguza," alijaribu.

"Na leso shingoni?"

Mabega yakamshuka. "Mboga za kuchemsha, dada. Kila siku ya Mungu. Hata mbuzi hubadilishiwa majani! Nikapita hapa siku moja, harufu ikanishika mkono. Ningefanyaje?"

"Na nani anakupikia?"

"Wanamwita Shefu. Sijawahi kumwona, lakini yule mtu mikono yake ina baraka. Kila nikiomba aje nimpongeze naambiwa ana kazi nyingi."

Bi Kimya akamtazama vizuri. Kumbe hajui! Angeweza kumwambia palepale. Lakini hakuwahi kumnyang'anya mtahiniwa kalamu kabla hajamaliza kujiandikia makosa. Akamwita mhudumu. "Mwambie Shefu, Bi Kimya anamwita."

Mlango wa jiko ukafunguka. Wakili akatoka, taulo begani, akasimama kando ya meza.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, baba mkubwa."

Mwenyekiti alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mpe mkono," alisema Bi Kimya. "Si ulitaka kumpongeza?"

Akampa.

"Ulijua nipo hapa?" aliuliza hatimaye.

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuona kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. Nikadhani umekuja kunitoa. Halafu ukaagiza kuku."

"Mbona hukutokea?"

"Ningetokea, usingerudi." Wakili aliikunja taulo, akaikunjua. "Na nilitaka urudi. Chako napika kwa chumvi kidogo, kwa sababu ya presha. Naongeza limau na vitunguu saumu, moto wa polepole."

Mwezi uliopita daktari alikuwa amempima Mwenyekiti na kufurahi sana, na mkewe alirudi nyumbani akiimba, akanunua kabichi mbili zaidi.

"Nilisema maneno pale kikaoni," alisema Mwenyekiti.

"Ya soli ya kiatu. Yalinifikia." Sauti ya kijana haikupanda. "Baba mkubwa, Alhamisi unanisifu, Jumapili unanihukumu. Sijui nimwamini yupi."

 Mwenyekiti akaichomoa leso kwenye kola.

"Mwamini huyu mwenye njaa," alisema.

Kikao kilichofuata, Mwenyekiti alitangaza kwamba baada ya uchunguzi wa kina ameridhika kuwa kazi ni kazi, na kijana asisumbuliwe. Ukoo ukampigia makofi kwa busara zake. Hakuna aliyemwomba Bi Kimya taarifa aliyotumwa kuileta. Yeye alikaa kimya, kwa sharti moja alilokuwa ameshamnong'oneza kaka yake: mke aambiwe ukweli, na aambiwe na mwenyewe.

Akaambiwa. Mama wa watu alinuna siku kadhaa, si kwa sababu ya uongo wa kamati, bali kwa sababu sifa za daktari zilikuwa za mwingine. Akatoa hukumu yake: kama mtoto anajua kupika hivyo, aje apikie nyumbani, na aliyekuwa akila kwa siri huko ndiye atakuwa msaidizi wake.

Jumapili iliyofuata, Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kushika sufuria tangu azaliwe, alifungwa aproni na mtoto wa ndugu yake, akapewa kisu na bakuli la vitunguu. Alimenya huku machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na kila aliyepita mlangoni alimweleza, bila kuulizwa, kwamba ni vitunguu tu.