Udhu wa Twaha

Mzee Mfaume alifika shuleni, huko Gongo la Mboto, ana neno la kusema. Mwalimu Demetria alikuwa amemwita: Twaha, mjukuu wake wa miaka minne, hagusi herufi, na huenda akarudishwa darasa la wadogo. Arudishwe mtoto anayezijua herufi za Kiarabu, alifu mpaka yee?

Akapewa kiti kifupi, magoti yakamjia kifuani. Madawati hayakuwepo. Mtoto mmoja alikuwa akimimina choroko toka jagi hadi jagi. Mwingine kafumba macho, anapapasa kipande cha hariri na kipande cha gunia. Herufi nazo zilikatwa kwenye msasa, ule ule wa mafundi seremala, zikabandikwa kwenye vibao. Mtoto huifuata herufi kwa ncha za vidole huku akiitamka.

"Mwalimu, mie naona soko la nafaka hapa."

"Sokoni kuna kelele, babu. Humu anayepiga kelele ni wewe tu."

Mzee akacheka bila kutaka.

Mwalimu akamwita Twaha kwenye herufi. Mtoto akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la kunawia.

"Umeona? Ndiyo kawaida yake. Anachezea maji mpaka zamu inampita."

Mzee akakaza macho. Twaha alinawa viganja, akasukutua, akavuta maji puani, akapenga. Akaosha uso, kisha mkono wa kulia hadi kiwiko, kisha wa kushoto. Mzee alihisi kuna kitu hapo anakijua, ila hakukipata upesi. Akanyoosha mkono achukue kibao, naye aupapase huo msasa.

"Babu," Twaha akamwita, masikio yakimchuruzika maji, "umetawadha?"

Mkono wa mzee ukabaki hewani.

"Nani kakwambia hizi zinataka udhu?"

"Si wewe? Ulisema nisiguse mpaka nitawadhe."

Kweli alisema, ila alikuwa akisema juu ya msahafu. Kwa Twaha, maandishi ni maandishi.

Mzee akamweleza mwalimu. Demetria, Mkatoliki wa Bukoba, alisikiliza kwa makini.

"Kumbe anaziheshimu. Mie nikajua anazikwepa."

Mzee akamvuta mjukuu karibu. "Msahafu ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Hizi kazikata mwalimu wako kwa mkasi. Ukiwa na vidole safi, basi."

Twaha akamgeukia mwalimu kwa mashaka. "Umezikata wewe?"

"Mimi mwenyewe. Tena kuna moja niliikosea, mkasi uliteleza."

"Ipi?"

"Sikwambii."

Twaha akajikausha vidole kwenye shati, akakaa mkekani. Akaifuata *a*, akatikisa kichwa. Akaifuata *s*, akairudia, akaiweka kando. Alipofika kwenye *m* alifumba macho, akaanza kuivuta sauti taratibu, "Mmmm," kidole kikipanda na kushuka, mpaka katika mgongo wa pili kikasita.

"Hapa," akasema. "Umekosea hapa."

Demetria akainama, akapapasa palepale. "Ndipo. Haya, sasa nitafutie herufi za kuandikia *mama*."

"Ninayo *m*," Twaha akasema, na mkono ukairudia *a*.