Nzi wa Mwenyekiti Githae

Mwenyekiti Githae alinifuta kazi kwa mzaha, mbele ya watu, na watu wakacheka. Hilo lijulikane kwanza, asije mtu akaniambia nilikuwa na roho mbaya bila sababu.

Kazi yangu ilikuwa mitego. Kwa miaka miwili serikali ilitulipa wakaguzi sita kuzunguka mashamba ya maembe, kuanzia mtaa wa Landless kule Thika hadi Mugutha huku Ruiru. Kila Jumatatu nilifungua chupa za plastiki zilizoning'inizwa mitini, zenye chambo cha kuwavuta nzi wa matunda, nikahesabu waliokufa ndani na kuandika. Hesabu ikipanda mahali, wakulima wote wa upande ule walipigiwa simu, na Jumamosi hiyohiyo kila mtu, mwenye miti mia na mwenye miti mitatu, aliokota maembe yaliyoanguka, akayafunga kwenye mifuko myeusi na kuyaacha juani mpaka funza wafe kwa joto. Siku moja, wote pamoja. Aliyekaidi alifuatwa hadi mlangoni. Dawa tulipiga kidogo, palipobidi tu, tusije tukaua nyigu wadogo wanaowamaliza funza. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na ilifaa. Msimu wa pili mnunuzi hakukataa hata kreti moja.

Ndipo ikaja bajeti mpya, na Githae, mwenyekiti wa kamati ya wadi na mwenye shamba kubwa kuliko yote pale Mugutha, akasimama ukumbini.

"Huyu Waruguru tunamlipa kuhesabu nzi," akasema. "Nzi! Si hata mimi nikiwa choo nahesabu, tena bure? Kila mtu apige dawa kwake. Hiyo pesa iende tujenge geti ya soko."

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Geti likajengwa. Mimi nikaenda kufua nguo za watu mtaani Kahawa Sukari, na kila shati nililokamua niliona ni shingo ya Githae.

Lakini mtego mmoja sikuurudisha. Niliuacha kwenye nguzo ya ua kati ya shamba la Githae na ekari moja aliyokodi rafiki yangu Aoko, mwanamke aliyetoka Siaya kuja kufanya kazi kiwandani Thika, kisha akaona afadhali maembe. Kila Jumatatu nilipitia kwake, tukanywa chai, nikaufungua.

"Yawa, na hiyo bado unahesabu ya nini?" aliniuliza siku moja, kwa mshangao wa kwao Siaya.

"Mazoea tu," nikamjibu.

Novemba, nzi kumi na wanne. Desemba, tisini. Katikati ya Januari, mia tatu na kumi.

Githae alikuwa akipiga dawa pipa zima kila wiki, akiua nyigu na kuwaacha funza salama ndani ya embe, ambako dawa haifiki. Maembe yaliyoanguka, wafanyakazi wake waliyatupa kwenye mtaro kandokando ya ua, yakaozea hapo. Niliyaona yote, nikanyamaza. Na nitasema ukweli: nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilitaka mnunuzi amkute hivyohivyo, akione cha mtema kuni, na nilitaka niwepo nimtazame usoni.

Kuhusu Aoko nilijiambia kwamba yeye ni mwangalifu, anaokota yake na kufunga mifuko yake, hayatamfika makubwa. Nilijiambia hivyo kila Jumatatu.

Lori la mnunuzi likaja Februari. Mnunuzi akapasua maembe matano ya Githae, akatikisa kichwa. Akavuka ua, akapasua matano ya Aoko, akatikisa kichwa vilevile. Lori likaondoka tupu.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti, katika ukumbi wa kanisa. Nilivaa nguo yangu ya Jumapili. Kwenye kikapu nilitia maembe ya mtaroni, kisu cha jikoni na daftari langu. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilikwenda moja kwa moja hadi meza kuu.

"Chairman, mwaka jana ulisema kuhesabu nzi ni kazi ya choo. Leo nimekuletea hesabu."

Nikapasua embe juu ya makaratasi yake. Funza wakamwagika na kuanza kurukaruka, wengine wakamwangukia mapajani. Githae alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Toa hiyo uchafu hapa!"

"Ni yako, Chairman. Nimeokota kwa mtaro yako."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Nilikisikiliza chote mpaka kikaisha. Kisha nikafungua daftari, nikawasomea namba, nikawaambia nzi hajui mpaka wa shamba. Akilelewa kwa mmoja anakula kwa wote, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mtu na pipa lake la dawa, inataka pesa ya umma. Mzee mmoja wa pale, Ngigi, akapendekeza fedha za mradi zirudishwe. Mikono ikapanda. Nilimkazia Githae macho mpaka na yeye akainua wake, polepole, akitazama sakafu. Sijawahi kuona kitu kitamu namna ile.

Aoko, huko nyuma ya ukumbi, hakuwa ameinua mkono. Alikuja mbele, akachukua daftari mezani na kurudisha kurasa nyuma, akifuata tarehe kwa kidole.

"Hii ni ya kwa fence yangu," akasema. "Wewe ulijua tangu November?"

"Aoko, mimi nilikuwa namtaka yeye."

"Ungeniambia December, ningeitisha watu wa hii laini yote ya mashamba tusafishe huo mtaro. Hata kwa nguvu. Sasa nimepoteza msimu mzima ndio wewe ucheke siku moja?"

Aoko akamgeukia Tabby, karani wa kikao.

"Andika. Pesa irudi, na mimi nakubali, hesabu mkono yangu. Lakini upande wangu mlete mtu mwingine wa mitego. Huyu asikanyage."

Githae aliinua kichwa akanitazama, na hakucheka. Tabby akaandika.