Sikio la Mpagazi wa Makaa

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Arsalan, mpiga picha wa mtaa wa Kuze, alikuwa amejipa kazi ya kuwasahihisha wahenga. Bibi harusi akija na chunusi, alitoka pichani na uso laini kama yai. Bwana harusi mwenye pengo alipewa jino. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, naye akajiona fundi wa mafundi, maskini wa Mungu.

Ndipo akapata, ndani ya kasha la marehemu babu yake aliyeianzisha studio ile, picha za kale za wapagazi wa makaa ya mawe bandarini. Wanaume wa bara waliosimama na makapu yao, weusi kwa vumbi mpaka kope. Mwenye akili angezikuza na kuzitundika vivyo hivyo. Arsalan, yeye, alikaa kwenye kompyuta wiki nzima akiwapangusa vumbi, akiwaziba makovu, akiwanyoosha pua. Alipomaliza, wale watu walikuwa tayari kwenda kuposa.

Siku ya maonyesho studio ilijaa. Hata matajiri wa Kizingo waliyaacha magari barabara kuu, wakaja vichochoroni kwa miguu wakiulizia njia. Walimsifu, na mgema akisifiwa mnamjua. Alikuwa katikati ya hotuba ya kuhifadhi historia alipoingia Mutanu, karani wa bandarini, amemshika mkono mama yake mkongwe.

Mutanu alieleza kwa heshima kwamba babu yake alibeba makaa hayo hayo, akafa mama angali mtoto mdogo. Hawakuwa na picha yake hata moja. Sura mama hakuikumbuka tena. Alilokumbuka ni sikio la kushoto, lililonyofolewa nusu na mnyororo, maana utotoni alikuwa halali mpaka alishike.

Mama akapita picha moja baada ya nyingine, pua karibu iguse vioo. Arsalan akamfuata kwa macho. Ukutani palikuwa na masikio mazima tu, mazuri, yaliyolingana. Na lile bovu alilikumbuka, wallahi alilikumbuka, kwa kuwa ndilo lililompa kazi kuliko yote.

"Hayumo," mama akasema, akageukia mlango.

Nafsi ilimwambia Arsalan anyamaze, asijiaibishe mbele ya wageni. Angenyamaza, mama angekwenda zake na hakuna ambaye angejua. Lakini moyo ulimuuma.

"Yumo, mama," akasema. "Sikio zima nilimtia mimi."

Fundi wa mafundi akapiga magoti, akaingia chini ya meza kuliburura kasha, makalio yakiwatazama waheshimiwa, akaibuka na picha ya asili iliyoliwa na mende pembeni. Mama aliweka kidole penye lile nusu sikio, akakiacha hapo muda mrefu. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta.

Arsalan akaomba radhi, akaahidi kuzichapa upya picha zote, na makovu yake. Akauliza kama kuna jambo jingine la kumfanyia.

Mama alikwenda akakaa kwenye kiti cha maharusi, akaitengeneza leso yake.

"Nipige na mimi," akasema. "Na haya makunyanzi, mwanangu, usiyaguse. Wajukuu wakija kunitafuta, wanijue."