Alivyokubali Akiwa Chini ya Sinki

Mtaani kwao hakuna aliyemwita fundi bomba yule kwa jina lake. Walimwita Hainashida, maana hilo ndilo neno lililomtoka kabla mtu hajamaliza kueleza. Choo kimefurika? Haina shida. Tenki limetoboka na wageni wako mlangoni? Haina shida, mama, nakuja. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mikono mikubwa, moyo mweupe na kasoro moja: akiwa kazini, simu ameibana kati ya sikio na bega, hasikii kitu. Anaitikia tu.

Jumanne moja alikuwa amelala chali chini ya sinki la mkahawa, maji yanamchuruzika shingoni, shangazi yake akapiga. Shangazi huyu ndiye aliyemlea, na akishika simu haiachi mpaka ipate moto. Aliongea robo saa nzima. Fundi akasikia "binti," akasikia "wazazi wake," mengine yote yakamezwa na maji.

"Sawa, shangazi."

"Una hakika? Nisije nikaumbuka."

"Haina shida. Wewe tena! Nani akupinge?"

Shangazi akapiga kigelegele hukohuko kwenye simu. Fundi akadhani ni koki imelia, akaikaza.

Jumamosi asubuhi ukaingia ujumbe: "Saa nne kamili. Geti la bluu, nyuma ya posta. Usiniangushe." Akajua shangazi kamtafutia kazi. Akavaa ovaroli, akabeba sanduku la vifaa, na dakika moja kabla ya saa nne akabisha hodi.

Sebule ilikuwa imejaa. Makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe, sakafu imepigwa deki mpaka inateleza, na katikati ameketi shangazi yake, ndani ya gauni la zambarau asilolivaa ovyo.

"Shikamooni," fundi akasema. "Bomba lenyewe liko wapi?"

Tabasamu la shangazi likaganda. Baba mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, akamtazama fundi kuanzia kofia hadi buti, kisha akaangua kicheko.

"Huyu kijana ana utani! Keti, mwanangu, keti."

Fundi akakaa kwenye ncha ya kochi, sanduku mapajani na spana mkononi, asije akachafua kitambaa.

"Shangazi yako ametuambia," baba akaendelea, "kwamba umekubali kwa kinywa chako kumchumbia binti yetu."

Spana ikamponyoka fundi, ikalia sakafuni ngwaa! Akamgeukia shangazi.

"Mimi?"

"Mara saba!" shangazi akasema kwa kunong'ona kulikosikika nyumba nzima. "Nilikuwa nahesabu kwa vidole!"

Hapo binti mwenyewe akaingia na sinia la glasi za maji ya matunda. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, mwenye sauti iliyonyooka na macho yasiyokwepa.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Hebu niambie, shangazi yako alikuambia nini kuhusu mimi?"

Angeweza kubabaisha. Angeweza kusifia elimu yake, tabia yake, chochote. Lakini masikio yalimchemka na uongo haukumjia.

"Sijui, dada. Nilikuwa chini ya sinki. Sikusikia hata neno."

Shangazi akafumba macho kama anayesubiri dari imwangukie.

Binti akaweka sinia mezani polepole. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hata mimi! Mama alikuja kazini kuniambia, laini tatu zinaita, hedifoni iko masikioni. Nikamjibu 'poa, mama.' Nimejua leo asubuhi, nilipoona vitambaa!"

"Ulisema poa mara mbili!" mama yake akalalamika.

Baba akavua miwani, akaifuta, akakohoa. "Basi, jamani, niseme ukweli. Mke wangu aliponiuliza, nilikuwa naangalia mpira. Nikasema, 'Fanyeni tu.'"

Nyumba ikalipuka. Mama alimpiga mumewe kwa mto wa kochi. Shangazi, aliyetaka kununa, alicheka mpaka akaomba apepewe.

Wakatumwa wawili hao barazani "mkaongee kama watu." Binti akaweka sharti: kwa saa moja, hakuna sawa, hakuna poa.

"Unaipenda kazi yako?" akauliza.

Fundi akafungua mdomo, binti akainua kidole. Ikabidi afikiri.

"Napenda maji yanaporudi," akasema mwishowe. "Bomba likikauka siku nyingi, kwanza linatoa upepo, linakohoa. Halafu yanakuja. Watoto hupiga kelele kila mara. Na wewe?"

"Watu wanaopiga kutushukuru mgonjwa wao akipona. Maneno yanawaishia, lakini hawakati simu. Tunabaki tunapumua tu, mimi na mtu nisiyemjua."

Fundi hakuitikia kitu. Alimtazama, akajikuta anataka kujua zaidi: walipumua muda gani, na yeye alikuwa akifanya nini muda huo.

Saa ile moja ikageuka tatu. Hakuna aliyemchumbia mtu siku hiyo. Lakini Jumatano walikutana bustanini, mvua ikawanyeshea, na wakarudi wakikimbia wameshikana mikono, viatu vimejaa matope, kila mmoja akimkatiza mwenzake kusimulia.