Nungunungu wa Bramwell Wahamia Atlantiki

Siku chuo chetu kilipotangaza kwamba kinahamia Ligi ya Atlantiki, shemeji yangu Verlin Stadtler alikuwa buchani kwangu akisubiri nimkatie mbavu za nguruwe. Redio ilikuwa juu ya friji. Mtangazaji alisoma habari hiyo kama anavyosoma bei ya ngano, bila kupumua, kisha akaweka muziki.

Verlin alinitazama. "Atlantiki ipi?"

"Mimi naijua moja tu," nikamwambia.

"Sisi tuko Oregon, shemeji. Mashariki ya Oregon. Hata hiyo Pasifiki yenyewe nimeiona mara mbili tu, na mara ya pili kulikuwa na ukungu."

Verlin aliwauzia wakulima mbegu na mbolea kwa miaka arobaini, akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakukosa mechi hata moja ya nyumbani ya Nungunungu wa Bramwell. Nazungumzia mpira wetu huu wa helmeti na mabega ya plastiki, ambao tunauita wa miguu ingawa siku nzima watu wanaukumbatia mikononi. Wachezaji ni vijana wa chuo, lakini wanaougua wakifungwa ni wilaya nzima. Harusi yake na dada yangu Corinne ilifanyika Jumapili kwa sababu Jumamosi kulikuwa na mechi, na Corinne husema alipaswa kuelewa mambo tangu hapo.

Sababu ya kuhama ilikuwa televisheni. Ligi ya zamani ilikuwa ikikipa chuo dola milioni nne kwa mwaka. Hii ya Atlantiki iliahidi ishirini na mbili. Mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliliambia gazeti kwamba uamuzi ulikuwa mgumu lakini ungewafungulia wanafunzi fursa. Verlin alisema ugumu wenyewe haukuzidi dakika kumi.

Angeweza kuyameza yote hayo kama si Teasdale. Chuo cha Teasdale, wanaojiita Beberu, kiko maili thelathini kutoka kwetu, na tumecheza nao kila Novemba tangu enzi za babu zetu. Ligi ya Atlantiki haikuwaalika. Ratiba mpya ilipotoka, mechi yao haikuwemo.

Hapo ndipo anapoingia Darlene Oftedal, mjane, dereva mstaafu wa basi la shule, na Beberu mpaka kwenye uboho. Katika mechi ile ya Novemba, jukwaa hugawanywa na uzio mdogo wa chuma, na kwa miaka thelathini na moja Verlin alikaa upande huu wa uzio na Darlene upande ule, bega kwa bega. Hawakukutana mahali pengine popote. Hawakutumiana hata kadi ya Krismasi. Walikutana mara moja kwa mwaka wakatukanana kwa saa tatu na nusu, kisha kila mtu akarudi kwake ameridhika. Mwaka mumewe Darlene alipofariki, Verlin alimwambia, "Pole sana, mama. Alikuwa mtu mwema, ukiacha ule Ubeberu." Darlene alicheka, akalia, na alipokuwa katikati ya kulia timu yake ikapata pointi, akamwambia Verlin aziangalie vizuri.

Wiki moja baada ya ratiba kutoka, tukiwa mezani kwa Verlin, simu ikalia. Akaiweka kwenye spika kwa sababu masikio yake si mazima.

"Nani mwenzangu?"

"Darlene. Nimeitafuta namba yako kwenye kitabu cha simu. Nataka kukwambia kwamba nyinyi ni waoga."

"Sikuhama mimi, mama. Kimehama chuo."

"Miaka thelathini na moja nakutukana wewe, kumbe namtukana mtu wa Atlantiki."

"Hata mimi sijui ilivyokuwa."

"Sasa Novemba nitakaa karibu na nani?"

Verlin akaanza kuzungusha uma kwenye sahani.

"Basi," akasema Darlene, na simu ikakatika. Corinne akamwongezea mumewe viazi bila kuulizwa.

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza nyumbani ilipangwa saa tatu asubuhi, kwa sababu watu wa pwani ile nyingine walitaka kuitazama saa sita mchana wao. Wakulima wetu wamezoea kuamka mapema, ila si kwa kushangilia. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kwenye maegesho ya uwanja tunachoma soseji, na bia zimekaa kwenye barafu bila mtu wa kuzigusa, kila mmoja anaulizia kahawa.

Halafu kulikuwa na yule bwana wa kofia nyekundu. Amesimama kando ya uwanja, na akikunja mikono kifuani maana yake televisheni iko kwenye matangazo ya biashara. Mpaka aikunjue, hakuna kucheza. Mwamuzi mwenyewe anamsubiri. Mara ya tisa au ya kumi, Verlin alishuka ngazi mpaka chini.

"Bwana wa kofia. Watu elfu ishirini tunakaa kwenye baridi hii ili wewe uuze dawa ya mba?"

"Ya kiungulia, mzee," alijibu yule bwana kwa adabu, mikono bado imekunjwa.

Mwezi wa kumi Verlin na Corinne walichukua gari lao lenye vitanda, wakaendesha siku nne mpaka North Carolina kuwatazama Nungunungu ugenini. Walipigwa hamsini na mbili kwa tatu. Kilichomuudhi Verlin hakikuwa hicho.

"Hawakututukana, shemeji," aliniambia aliporudi. "Hata neno moja. Jamaa mmoja aliniuliza Bramwell iko jimbo gani, kisha akaniletea kiti na chai ya barafu. Unapigwa hamsini na mbili halafu unakaribishwa chai. Nilijiona kama mgonjwa."

Darlene alipiga simu tena siku hiyohiyo. Safari hii hakutaja uoga.

"Wachezaji wenu wa zamani wako wapi?"

"Wengine wamekufa."

"Nawauliza walio hai, Verlin."

Ndivyo mechi ya wazee ilivyozaliwa. Walipata uwanja wa shule ya sekondari ya Pruett, iliyo katikati ya miji yetu miwili. Hakuna kuangushana, kwa sababu mwanasheria mmoja aliwaonya. Kila mchezaji alifunga vitambaa viwili kiunoni, na ukimchomoa kimoja basi ameshikwa. Siku, Jumamosi ileile ya Novemba. Saa, saba mchana, kama zamani. Walitegemea watu mia mbili. Walikuja elfu nne, na soseji zangu ziliisha kabla mpira haujapigwa.

Shule ya Pruett haina uzio kwenye majukwaa, kwa hiyo Darlene alikuja na kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye nguzo mbili, akaketi upande wake.

"Umenenepa," akamwambia Verlin.

"Na wewe umechakaa. Anza."

Mrushaji wetu alikuwa daktari wa meno mwenye miaka hamsini na minane. Wa kwao alikuwa mchungaji mwenye goti la chuma. Katika robo ya tatu mtu wetu mmoja alikimbia yadi arobaini peke yake, kwa sababu waliokuwa wakimfukuza walikuwa wamesimama kupumzika, na zikiwa zimebaki yadi tatu akaketi chini taratibu na kuomba maji. Hakuinuka tena mpaka mwisho wa mechi. Beberu walishinda ishirini kwa kumi na nane. Sijawahi kumwona Verlin akifungwa kwa furaha kama ile.

Mtu fulani alikuwa amerekodi yule mkimbiaji akiketi. Wiki mbili baadaye watu milioni tatu walikuwa wameitazama ile video, na kijana mmoja aitwaye Tanner Voss, wa kampuni ya televisheni ya New York, akampigia Verlin simu. Walitaka kuionyesha mechi ya mwaka ujao. Wangelipa dola laki tatu. Verlin aliwaza papo hapo kuhusu shule ya Pruett, ambayo majukwaa yake hayana paa, na akasema yuko tayari kuzungumza.

Ikaundwa kamati. Verlin akawa mwenyekiti. Darlene akakataa kuwa makamu, akataka aitwe mwenyekiti wa upande ule. Shemeji yangu akanunua tai. Alianza kuja nayo buchani, akisimama mbele ya soseji zangu na kusema mambo kama "bidhaa yetu ina mvuto."

"Jana ameiita kabeji yangu bidhaa," Corinne alinilalamikia. "Na simu zake hizo nimemkataza kuzipigia kwangu. Akapigie kwako."

Basi nikawa nazisikia zote. Kwanza Tanner alitaka mechi iwe Ijumaa badala ya Jumamosi. Verlin akakubali. Kisha akataka ianze saa mbili asubuhi. Verlin alikwaruza kidevu, akakubali. Kisha akasema atakuja mtu wa kofia nyekundu, na Verlin, huyu huyu Verlin, akauliza tu kama mtu huyo ataletewa chakula.

Darlene alikuja dukani mwenyewe siku aliposikia hilo.

"Hebu jisikilize unavyoongea, Verlin."

"Ni paa la shule, Darlene. Ni la watoto."

"Chuo chenu nacho kilisema ni fursa za wanafunzi."

"Hayo ni mambo tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Verlin aliirekebisha tai yake. "Yetu ni madogo," akasema, na ilionekana hata yeye hakupenda ladha ya jibu hilo.

Mwezi wa pili Tanner akapiga tena. Nilikuwa nasaga nyama, na simu ilikuwa juu ya kaunta, sauti wazi.

"Mzee Verlin, huku kila mtu amefurahi. Kuna jambo moja dogo. Takwimu zetu zinaonyesha Teasdale haina watazamaji. Sasa tumewapata wazee wa chuo kimoja cha Florida, wengine walicheza mpira wa kulipwa. Bramwell na Florida. Na fedha tunazifanya mara mbili."

Nikazima mashine.

"Na Darlene?" akauliza Verlin.

"Darlene ndiye nani?"

"Ni Beberu."

Tanner alifikiri. "Ni yule mbuzi wa kuchangamsha watu? Mbuzi tunaweza kumbakiza."

"Nitakupigia," akasema Verlin.

Akaketi kwenye stuli ninayowawekea wateja, akailegeza tai. Alikaa pale muda mrefu. Akaja mama mmoja, akanunua maini, akaondoka, na Verlin bado kaketi.

"Unajua kilichonitisha, shemeji?" akasema mwishowe. "Si kwamba yule kijana aliuliza. Ni kwamba mimi nilianza kupiga hesabu. Hajamaliza sentensi, kichwani mwangu paa limeshafika mpaka vyooni."

"Kila mtu angepiga hesabu."

"Nimemsema vibaya yule mama wa chuo mwaka mzima."

"Na bado alikosea."

"Alikosea. Lakini sasa najua ni rahisi kiasi gani." Akachukua simu akampigia Tanner, akamwambia bila Beberu hakuna mechi, na hata na Beberu itakuwa Jumamosi saa saba mchana, na bwana wa kofia abaki kwao. Tanner alimshukuru kwa muda wake. Hatukumsikia tena.

Kisha Verlin akaniomba nimsindikize Teasdale, kwa sababu alitaka kwenda kuungama na aliogopa kwenda peke yake. Darlene alitufungulia mlango akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Hakutukaribisha ndani. Alisikiliza yote palepale kizingitini, pamoja na lile la mbuzi, na usoni hakubadilika.

"Ulichukua muda gani?" akauliza.

"Muda gani wa nini?"

"Kabla ya kukataa."

Verlin alinitazama mimi, shahidi wake. "Dakika ishirini," akasema.

Darlene alianza kukikunja kile kitambaa, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

"Mimi nilipigiwa na mwenzake mmoja mwezi wa kwanza," akasema. "Walitaka kuwatoa nyinyi, waweke watu wa Texas. Nilichukua siku mbili."

"Siku mbili?"

"Kwenye ile ofa ya kwangu waliongeza na mifereji ya mvua ya paa la shule."

Verlin alimkazia macho, na mimi nikaanza kuangalia gari liko wapi. Kisha akashika mwimo wa mlango akacheka mpaka akakohoa, na Darlene, aliyekuwa bado anajaribu kuona haya, akashindwa naye akacheka.

"Siku mbili," Verlin akarudia. "Na mimi najilaumu kwa dakika ishirini. Nilikwambia mtu wa Teasdale ni mzito wa kila kitu, ukakataa."

"Ingia ndani kabla sijabadili mawazo," akasema Darlene. "Na huyo mwenye bucha pia." Akatupa kahawa na mikate myembamba ya viazi aliyofundishwa na bibi yake Mnorwe, na yeye na Verlin wakabishana kuhusu mechi ya mwaka wa themanini na saba mpaka nikawakumbusha kwamba nina duka.

Novemba ilipofika, wazee walicheza tena pale Pruett, bila paa na bila kamera, chini ya theluji nyevu iliyoanza kuanguka dakika ya kwanza na haikukoma. Watu walijifunika magunia matupu ya mbolea. Yule mchungaji wa goti la chuma alirusha mipira minne ya pointi, na tukafungwa ishirini na nane kwa saba. Verlin alimpigia kelele Darlene kwa saa tatu kamili, sauti ikamkauka, ikawa hata kuomba chumvi hawezi mpaka Jumanne. Corinne ananiambia ndizo siku tatu tulivu kuliko zote katika ndoa yake, na ameshanunua tiketi za mwaka ujao.